Maswali ya Wasomaji: Nani abebe mkoba wa dawa?

Tulipoeleza katika toleo lililopita namna ya kuanza mchezo wa simulizi wa mezani, hatukutarajia kwamba sehemu kubwa ya barua zitakazorudi zitamzungumzia mhusika mmoja tu, yaani kuhani, yule anayewaponya wenzake. Kwa msomaji mgeni wa safu hii, mchezo huo huchezwa na watu wanne au watano waliozunguka meza: mmoja ndiye msimulizi, anayeeleza mahali walipo na hatari inayowakabili, na waliobaki kila mmoja humwongoza mhusika wake kwa kusema anachotaka kufanya, huku dadu zikiamua yale yasiyo na hakika. Mchezo maarufu kuliko yote wa aina hiyo ni Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Nimechagua barua sita na kuzifupisha bila kugusa maana yake.

Ndugu Mhariri, sisi ni vijana watano tunaofanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kirumba, na kila Jumapili jioni tunacheza. Tatizo letu ni kwamba hakuna anayetaka kuwa kuhani. Tumefikia mahali ambapo anayechelewa kufika ndiye anayepewa kuhani kama adhabu, na wiki iliyopita wawili wetu walifika saa nzima kabla ya muda kwa hofu. Je, ni lazima kundi liwe na kuhani? — Msomaji, Kirumba

Si lazima, ndugu yangu, ingawa mmepata dawa ya uchelewaji ambayo ofisi nyingi za mjini zingeitamani. Ili jibu lisiwe jepesi mno, niruhusu nianze mbali kidogo, kwa sababu shida yenu ilizaliwa pamoja na mchezo wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kundi lililokuwa likicheza na Dave Arneson, mmoja wa watunzi wa mchezo huo, huko Minnesota, mchezaji mmoja alikuwa na mhusika mnyonya damu, ambaye bibi zetu wangemwita mumiani bila kusita, na mumiani huyo alikuwa amepata nguvu kiasi kwamba wachezaji wenzake hawakuweza tena kumzuia. Ndipo ikabuniwa fani mpya, yaani aina mpya ya mhusika, ya mtu wa dini, anayeinua msalaba wake na kuwafukuza wafu wanaotembea. Kwa kuwa mtu wa dini katika masimulizi ya Kikristo huwaponya pia wagonjwa, uponyaji nao ukapanda mtumbwi huo kama abiria wa njiani. Arneson na Gary Gygax walipochapisha mchezo mwaka 1974, fani zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Kuhani huyo wa kwanza alivaa deraya, alikatazwa silaha zenye makali na hivyo akapigana kwa rungu, na katika ngazi ya kwanza ya uzoefu hakuwa na sala hata moja. Ilimbidi afike ngazi ya pili ndipo mungu wake aanze kumsikiliza.

Abiria yule wa njiani ndiye aliyekuja kuuteka mtumbwi. Wafu wanaotembea hawatokei kila siku, lakini majeraha hutokea katika kila pambano, na katika kanuni za mwishoni mwa miaka ya 1970 mtu aliyejeruhiwa na kukosa mponyaji alirudishiwa pointi moja tu ya uhai, yaani alama zinazohesabu anavyoweza kustahimili mapigo kabla hajaanguka, kwa kila siku aliyopumzika. Kundi lisilo na kuhani lilikuwa na hiari ya kulala wiki mbili au kufa. Ndipo kuhani akawa wa lazima, na kwa kuwa alikuwa wa lazima, watu wakaanza kumkwepa, kama vile kila mtu anavyotaka kula samaki na hakuna anayetaka kuparua magamba.

Kanuni za sasa zimeibadili hesabu hiyo. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014, mhusika yeyote akipumzika saa moja anaweza kutumia dadu zake mwenyewe kujirudishia uhai, na akilala usiku mzima huamka mzima kabisa. Mkoba wa dawa huuzwa kwa vipande 5 vya dhahabu na hutumika mara 10 kuzuia mtu aliyeanguka asife, na anayeutumia hahitaji kuwa kuhani wala kujua sala yoyote. Chupa ya dawa ya kuponya, ambayo bei yake ni vipande 50, hurudisha jumla ya dadu mbili za pande nne na kuongeza 2.

Tena uponyaji wenyewe, ukifanywa katikati ya vita, haufui dafu. Chukua kuhani wa ngazi ya kwanza mwenye hekima nzuri: kwa kanuni za 2014, sala yake ya kuponya kwa kugusa hutoa dadu moja ya pande nane na kuongeza 3, yaani wastani wa 7 na nusu. Jitu la kawaida la msituni likipiga rungu lake mara moja hutoa wastani wa 13. Kuhani anayeshinda akiponya kila zamu anachota maji kwa kikombe katika mtumbwi uliotoboka. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024 ziliiongezea sala hiyo dadu moja, na wastani ukapanda hadi 12, lakini jitu bado linaongoza. Ndiyo maana wachezaji wazoefu huponya hasa wakati mwenzao ameshaanguka, kwa sababu hata pointi moja ya uhai humwinua aliyekuwa sakafuni na kumpa zamu yake tena. Mimi binafsi siupendi utaratibu huo, maana mtu huanguka na kuinuka mara nne katika pambano moja kama kuku aliyenyeshewa, na kifo kinapoteza uzito wake. Lakini hivyo ndivyo hesabu zinavyosema.

Kwa hiyo, ninyi wa Kirumba, mwacheni kuhani apumzike Jumapili mbili. Kila mhusika anunue chupa moja ya dawa, mmoja abebe mkoba, na msimulizi awaruhusu kupumzika baada ya kila mapambano mawili. Uponyaji ni kazi inayoweza kugawanywa na meza nzima. Ukuhani ni jambo jingine kabisa, na atakapotokea mmoja wenu anayetamani kuwa mtu wa mungu fulani, mwenye nadhiri na miiko yake, huyo ndiye mpeni, hata akiwahi kufika kuliko wote.

Mhariri, katika kundi letu tunabishana kuhusu jina. Mmoja anasema "padri", mwingine "mganga", mwingine "kuhani". Lipi ni sahihi? — Msomaji, Igoma

Ninatumia "kuhani" kwa sababu ni neno ambalo msomaji amelizoea kutoka katika Biblia, likimhusu mtu wa madhabahu na sadaka, na halimfungi mhusika katika dhehebu la mtu yeyote aliye hai. "Padri" na "kasisi" ni watu tunaokutana nao barabarani, na si adabu kumpa padri rungu na kumtuma pangoni kupigana na buibui.

"Mganga" ni neno pana zaidi na lina sura mbili ambazo Mtanzania huzibeba pamoja bila taabu. Mganga Mkuu wa Serikali ni daktari wa hospitali. Mganga wa kijijini ana mizizi na kibuyu. Kitenzi chenyewe, kuganga, ni kutibu, na hata methali inayotaka yaliyopita yasiwe ndwele inatuambia tugange yajayo. Kwa hiyo mhusika anayetibu kwa ujuzi wa dawa mwiteni mganga au tabibu, na yule anayeponya kwa sababu mungu wake amemsikia mwiteni kuhani. Mkizitenga fani hizo mbili kwa majina, mtashangaa jinsi ugomvi mwingine wa mezani unavyopungua.

Wafu wanaotembea, kwa ombi langu, msiwaite misukule. Katika masimulizi yetu msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa ilhali amefichwa na kufanyishwa kazi, na ndugu zake wangetamani arudi. Si maiti wa kukatwa kichwa kwa furaha.

Mwanangu, mimi ni mama wa watoto watatu. Kijana wangu wa kidato cha tatu amejiunga na wenzake katika mchezo huu, na nilipofungua daftari lake nimekuta majina ya miungu, mganga na maneno ya kuita nguvu. Sisi ni watu wa kanisani. Nimwache au nimzuie? — Mama, Nyakato

Shikamoo mama. Umefanya vyema kufungua daftari kabla ya kufungua ugomvi.

Hofu yako si ngeni. Huko mchezo ulikotoka, katika miaka ya 1980, wazazi wengi na baadhi ya viongozi wa dini walisema kwamba unawafundisha watoto uchawi, na kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba toleo la pili la mchezo, lililotoka mwaka 1989, liliondoa kwanza majina ya mashetani na kuwapa viumbe hao majina ya kubuni. Anachokifanya kijana wako mezani ni kusema "kuhani wangu anamwombea aliyejeruhiwa", kisha anarusha dadu, kisha anajumlisha namba. Hakuna anayesujudu, hakuna kinachochomwa, na miungu iliyoandikwa katika daftari ilibuniwa kama wanavyobuniwa wafalme wa hadithi za sungura na fisi.

Hata hivyo sitakuambia kwamba hakuna la kuangalia, maana sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu zetu ambazo Wamarekani hawakuwa nazo. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa katika mikoa hii kwa sababu ya maneno ya wapiga ramli, hata Serikali ikatangaza Januari 2015 kuwapiga marufuku wapiga ramli hao. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua na kuwasajili waganga wa tiba asili, na hao ni watu wengine. Mwulize kijana wako swali hili moja: katika simulizi yenu, dawa inatengenezwa na nini? Akijibu majani, maji ya chemchemi, asali na sala, mwache acheze. Akijibu kwamba kuna mganga anayetaka viungo vya mtu, zungumza na msimulizi wao, ambaye huenda ni mtoto wa jirani yako. Katika meza ninayoiongoza mimi jambo hilo limekatazwa hata kwa adui wa simulizi, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba simulizi imepoa.

Kuhusu imani ya nyumbani, nina ushauri ambao vijana Wakristo na Waislamu wa meza yangu waliupokea kwa moyo mmoja: Mwenyezi Mungu haingizwi katika kanuni za dadu. Kuhani wa mezani humtumikia mungu wa kubuni katika nchi ya kubuni, na sala ya kweli hubaki mahali pake.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni msimulizi wa kundi la wavuvi wa dagaa. Tunacheza siku za mbalamwezi, kwa kuwa siku hizo taa hazivuti dagaa na mitumbwi hailali ziwani. Nataka kutunga nchi inayofanana na visiwa vyetu, yenye kuhani wa ziwa na waganga wa kwetu, badala ya makanisa ya mawe na watawa wa Ulaya. Nianzie wapi bila kukosea heshima? — Msimulizi, Nansio, Ukerewe

Marahaba. Barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, na ninakuomba radhi kwa urefu wa jibu.

Anza kwa kuvunja ule muungano wa mwaka 1974. Kuhani wa Dungeons & Dragons ni mtu wa ibada, daktari na askari katika mwili mmoja, na huo ni mchanganyiko uliofaa kundi moja la wachezaji lililokuwa na mumiani wa kumdhibiti. Kwetu kazi hizo hazikuwa za mtu mmoja. Kwa Wasukuma, mfumu hujifunza kwa mwalimu, huitwa na masamva, yaani wahenga wa ukoo, na elimu yake ya miti ni mali aliyoipata kwa miaka na kwa malipo. Mganga wa namna hiyo anafaa sana kuwa mhusika wa mchezaji: ana mwalimu ambaye bado anamdai, ana dawa ambayo haipatikani isipokuwa katika kilima fulani, na ana mshindani wa ng'ambo ya mto. Katika kanuni za sasa humhitaji mungu kumfanya aponye. Mchezo mwingine wa aina hii, Pathfinder, katika toleo lake la pili la mwaka 2019, unamruhusu mtu mwenye ujuzi wa tiba kuhudumia majeraha kwa dakika 10 bila sala yoyote, na kanuni hiyo unaweza kuiazima ilivyo.

Kuhusu ushindani, usiende mbali. Ngoma za Wasukuma zimegawanyika katika makundi mawili ya Bagika na Bagalu, ambayo masimulizi yanasema yalianzishwa na mahasimu wawili, Ngika na Gumha, na kila kundi lilijivunia dawa zake za kuvuta watu. Makundi hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye umati umemhamia. Ukipanda gari kwenda Kisesa utafika Makumbusho ya Bujora, ambako mambo hayo yamehifadhiwa, na mwezi Juni kuna sherehe za Bulabo ambazo ngoma zake utaziona kwa macho. Sasa fikiria mezani: vyama viwili vya waganga vinacheza siku moja, wahusika wako wana mgonjwa mmoja anayehitaji dawa ya chama kinachoelekea kushindwa, na njia pekee ya kuipata ni kuuhamisha umati. Hapo mpiga ngoma, mchekeshaji na mwenye nyoka begani wote wana kazi, na hakuna panga lililochomolewa.

Kuhani mtunge peke yake. Masimulizi ya ziwa yapo: Wahaya wana Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, na Waganda wana Mukasa, ambaye hekalu lake lilikuwa katika visiwa vya Ssese. Sikushauri uwachukue hao kwa majina, kwa kuwa wapo watu ambao kwao habari hizo si hadithi ya kupitisha jioni. Chukua umbo: mungu wa maji, anayetoa samaki na anayezamisha. Mpe jina la kubuni, kisha mpe kuhani wake miiko.

Hapo kwenye miiko ndipo wasimulizi wengi wanapozembea. Kitabuni kuhani hupewa orodha ya sala na jina la mungu, na baada ya jioni mbili jina limesahauliwa, limebaki bomba la pointi za uhai. Mchezo wa RuneQuest, uliotolewa na Chaosium mwaka 1978, ulilitatua jambo hili kwa akili kubwa kuliko mwenzake maarufu. Katika nchi yake ya Glorantha karibu kila mtu anajua uponyaji mdogo wa kuzuia damu, mkulima na askari vilevile, kwa hiyo kuponya peke yake hakumfanyi mtu kuwa wa pekee. Waponyaji wa kweli ni wafuasi wa mungu wa kike Chalana Arroy, ambao huweka nadhiri ya kutodhuru. Wana uwezo mkubwa kuliko wote wa kurudisha uhai, lakini hawawezi kumpiga mtu hata anapowajia na mkuki. Ukiwa na mhusika kama huyo mezani, kila pambano linageuka swali: tumlinde, tumsikilize, au tumfiche asione tunachotaka kufanya?

Kwa kuhani wako wa ziwa ningependekeza miiko mitatu, nawe uipunguze au uizidishe. Asimkatalie mtu yeyote aliyetolewa majini, hata akiwa adui aliyekuwa akimfukuza dakika kumi zilizopita. Asile samaki wa kwanza wa mtego. Asiponye mahali ambapo mawimbi hayasikiki, ila kwa maji aliyoyabeba mwenyewe katika kibuyu. Wahusika wakisafiri kwenda bara, kibuyu hicho kitakuwa na thamani kuliko dhahabu, na siku kitakapopasuka hutahitaji kutunga tukio jingine. Akivunja mwiko, sala zake zinanyamaza mpaka atakapofanya suluhu, na namna ya suluhu aipendekeze mchezaji mwenyewe. Usimwadhibu kwa kumtegea. Mwiko uliowekwa ili mtu anaswe ni uonevu wa msimulizi.

Mwisho, kabla ya kutumia jina la mahali pa matambiko, jiwe au msitu unaojulikana kisiwani, waulize wazee. Kama hupendi kuuliza, badilisha jina. Na wavuvi wako wakisema kwamba mungu wa maji uliyemtunga hajui upepo wa ziwa, wasikilize, maana wao ndio wanaolala nao.

Dada Mhariri au Kaka Mhariri, sijui yupi. Nasomea uuguzi hapa Mwanza. Nilipojiunga na kundi, wote walisema "wewe si nesi?" wakanipa kuhani bila kuniuliza. Sasa kila zamu ni "niponye, niponye". Mhusika mmoja alipokufa walininunia wiki nzima, na nikijiponya mwenyewe wananiambia mganga hajigangi. Nimechoka wodini na nimechoka mezani. — Msomaji, Bugarika

Ni kaka, na pole sana dada.

Methali hiyo wameitumia vibaya. Inasema kwamba mganga naye huhitaji mganga mwingine, jambo ambalo ni hoja ya wao kukuhudumia wewe na si ya wewe kuachwa ukivuja damu. Kanuni nazo hazikukatazi kabisa: kuhani hujigusa na kupona kama anavyomgusa mwingine, na kuhani aliyeanguka hawezi kumwinua yeyote.

Watunzi wa mchezo wenyewe wameliona tatizo lako kwa muda mrefu. Toleo la tatu la mwaka 2000 lilimruhusu kuhani kuigeuza sala yoyote aliyoiandaa kuwa sala ya kuponya, ili asilazimike kuamka asubuhi akiwa amebeba bandeji peke yake. Toleo la nne la mwaka 2008 lilimwezesha kuponya kwa neno na bado kupiga katika zamu ileile, likampa kila mhusika akiba yake mwenyewe ya uhai, na likaleta hata amiri wa vita ambaye huwainua wenzake kwa kuwatia moyo tu, bila mungu yeyote. Toleo la tano limebaki na sala ya neno moja inayofika hatua kama ishirini hivi, ikakuachia sehemu kubwa ya zamu yako huru.

Itumie zamu hiyo kwa kinga. Unalijua bango la zahanati lisemalo kinga ni bora kuliko tiba, na mezani ni hivyohivyo: sala ya baraka ya ngazi ya kwanza huwaongezea watu watatu dadu ya pande nne katika kila shambulizi na kila jaribio la kukwepa madhara, kwa dakika nzima ya pambano. Jitu lililokufa raundi moja mapema halimpigi mtu tena, na pointi zilizookolewa hapo hakuna atakayezihesabu, ndiyo maana hawakushukuru.

Lakini tatizo lako kubwa halimo katika kanuni. Umepewa kazi kwa sababu ya sare yako, na hilo lisemwe kwa sauti kabla ya kikao kijacho. Waambie kwamba aliyejeruhiwa anaeleza hali yake, haamrishi. Wewe ndiye unayeamua nani ahudumiwe kwanza, kama mnavyofanya mapokezi ya majeruhi. Waambie pia kwamba aliyekimbilia peke yake katikati ya maadui sita alijichagulia kifo chake. Na kama hamu yako ni kuwa mwizi mwenye mikono myepesi anayeingia madirishani usiku, omba kubadilisha mhusika jioni hiyohiyo. Wakikataa, nina anwani za vijana wa Kirumba wanaocheza bila kuhani kabisa.

Mhariri, mhusika wa rafiki yangu amekufa. Kitabu kinasema kuhani anaweza kumfufua kwa almasi, msimulizi wetu anasema ufufuo unaharibu mchezo. Nani mkweli? — Msomaji, Misungwi

Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Kwa kanuni za 2014, aliyekufa ndani ya dakika moja hurudishwa na sala ya ngazi ya tatu, nayo hula almasi yenye thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Akipitiliza, bado kuna sala ya ngazi ya tano itakayomrudisha ndani ya siku 10 kwa almasi ya vipande 500. Almasi huteketea. Msimulizi anayeziacha almasi ziuzwe kila duka kama vocha za simu ndiye anayeharibu mchezo, wala si sala.

Nanyi wa Misungwi mko kwenye barabara iendayo Shinyanga, kwa hiyo sihitaji kuwafundisha thamani ya jiwe hilo. Mgodi wa Mwadui ulianzishwa na John Williamson mwaka 1940, na mwaka 1947 likatoka humo jiwe la waridi la karati 54.5 ambalo alizawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Katika nchi yenu ya kubuni wekeni mgodi mmoja tu, wenye mmiliki mmoja na walinzi wengi, na kaburi litakuwa na siku kumi za kuhesabiwa huku wahusika wakijadiliana kama waombe, wakope au waibe.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, mwulizeni rafiki yako mwenyewe. Kanuni inasema roho ya marehemu lazima iwe radhi kurudi, na msishangae akiwajibu kwamba hataki, kwa sababu mhusika mpya ameshamwandika tangu juzi, naye ni kuhani.